Miguu Iliyogoma Mbele ya Mkwe

Jonas Sikazwe,
Nyumba ya Mama Farida, chumba cha uani,
Mtaa wa Mikorosho Miwili,
Mbagala.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mzee Mwishehe.

YAH: KOCHA MPYA KUNIHARIBIA MIGUU, NA MIGUU KUNIHARIBIA POSA

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kukaa bado sijaweza. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo la Mama Farida, mwenye nyumba wangu, ambalo linanifika kifuani. Ukiona mstari umepinda, ujue hapo nilikuwa nabadilisha mguu.

Mimi ni mkazi wako halali. Ni saidia fundi. Kwa sasa tunamwaga zege kwenye jengo la ghorofa huko Mabibo, na kazi yangu ni kupandisha ndoo. Kwetu ni Kalambo, mkoani Rukwa, na sijarudi tangu nilipoondoka nikiwa kijana asiye na ndevu. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo sitazunguka. Kocha mpya wa miguu uliyetuletea, dada anayeitwa Bupe, ameniharibia posa. Baba wa mchumba wangu Loveness, Mzee Sichalwe, amekuja kutoka nyumbani na amefikia kwa mwanawe Benson, hapa hapa Mbagala. Jumapili iliyopita nilikwenda kujitambulisha kwake. Tangu siku hiyo mzee hajatamka jina langu. Jumamosi hii anapanda basi la kurudi Sumbawanga, na akipanda kabla hajasema neno, Loveness si wangu tena. Hilo ndilo jambo lenyewe. Haya yanayofuata ni malalamiko yake, na nimeyapa namba ili kikao chako kisipate kisingizio cha kuyachanganya.

1. Nalalamikia kipaza sauti chako. Ni wewe uliyepita mitaani ndani ya bajaji ukitangaza kwamba nguvu ya taifa inaanzia miguuni, na kwamba uwanja wa nyuma ya ofisi umepata kocha mpya, bure kwa kila mkazi. Zamani pale tulikuwa na Faraji. Faraji alikuwa mtu wa kifua na mikono. Kwa Faraji, binadamu aliishia kiunoni. Chini ya hapo palikuwa na suruali tu. Wanaume wa mtaa huu tulikuwa na vifua kama milango ya msikiti na tuliishi kwa amani. Mpaka leo hatujaambiwa kosa la Faraji ni lipi.

Tangazo lako lilinikuta pabaya. Wiki ile ile Loveness, ambaye ni fundi cherehani pale karibu na Rangi Tatu, alikuwa amenipa habari kwamba baba yake amefika na Jumapili atatupokea. Akaniangalia kuanzia juu, akateremka, alipofika chini akacheka. Akasema, "Jonas wewe, juu fahali, chini korongo. Baba ni mkulima, anaangaliaga miguu ya mtu kwanza, uso baadaye." Alikuwa anatania. Lakini mwanamke akikutania na baba yake yupo mjini, huo si utani tena, hiyo ni taarifa. Nikasikia bajaji yako inapita, nikasema Mungu amejibu. Kumbe ulikuwa wewe.

2. Nalalamikia mafunzo yenyewe. Jumamosi asubuhi nilifika uwanjani nikamsalimia kijana mmoja mnene aliyekalia tairi, nikamwita kocha. Kumbe naye amekuja kujifunza kama mimi. Kocha alikuwa yule dada mfupi mwenye raba nyekundu na filimbi, ambaye nilidhani amekuja kuuza maji. Akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. "Kaka mrefu, kazi?" Nikamwambia saidia fundi, nabeba zege. "Basi una nguvu." Nikakubali. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Akaniambia, "Kaa." Nikaangalia nyuma. Nikauliza kiti kiko wapi. "Hakuna kiti, kaa hivyo hivyo." Ndugu Mwenyekiti, tangu nifike mji huu nimeagizwa mambo mengi bila vifaa. Nimechanganya zege bila mashine, nimepanda ghorofa bila kamba, nimekunywa chai bila sukari. Lakini kukalia kiti ambacho hakipo, na kuambiwa nikikalie mpaka filimbi ilie, hilo sikuwa nimewahi kuagizwa na mtu yeyote. Na filimbi anayo yeye.

Baada ya hapo ikaja hatua ndefu. Unapiga hatua kubwa mbele, unashusha goti la nyuma mpaka karibu na ardhi, lakini lisiguse ardhi. Nikamuuliza kwa nini lisiguse. Kwetu goti likianza safari linafika. Akasema, "Likigusa umepumzika." Sasa ni nani aliyemweleza kwamba nimekuja kuteseka? Mimi nimekuja kuongeza unene wa miguu. Halafu wakanitwisha mabegani bomba la chuma lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande, yaani hata Jumamosi yangu zege limenifuata, na safari hii bila ghorofa ya kulipeleka. Nashuka nalo, napanda nalo, mwisho wa yote lipo pale pale. Kazini angalau tukimaliza panakuwa na nyumba.

Kila nilipotaka kutua, Kocha Bupe alisema, "Mbili za mwisho, kaka." Zikiisha hizo anasema tena mbili za mwisho. Nimewahi kusikia ahadi za namna hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ila zilikuwa ahadi za barabara ya lami.

Na alikuwa na maneno. Alinisimamia kichwani wakati nimo chini kabisa natetemeka kama kuku aliyemwagiwa maji, akawa anawaambia wenzangu: "Waoneni wanaume. Sisi kwetu Tukuyu mtoto wa kike anachuchumaa tangu hajaota meno. Anachuchumaa jikoni, anachuchumaa mtoni, anachuchumaa kwa wakubwa. Nyie mnachuchumaa siku ya posa tu, halafu mnasimama mpaka kufa." Wakacheka wote, hata yule mnene. Nilitaka kumwambia kwamba ya kwangu ni kesho. Sikuwa na pumzi.

3. Hiyo pumzi nayo naiwekea namba yake, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Kocha alitufundisha kwamba ukishuka unavuta hewa, na ukipanda unaitoa kwa nguvu, na sauti itoke. "Toa, usione haya! Hewa haina adabu!" Akanirudisha mara nyingi mpaka nikaishika. Nalalamika kwamba niliishika.

4. Choo. Choo cha kwa Mama Farida ni cha kuchuchumaa, nawe unakifahamu kwa sababu ulikuja kukikagua na wajumbe wako mkakisifia. Jumapili alfajiri niliamka nikakuta miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo hanipendi. Niliteremka kitandani kwa kujiviringisha. Yaliyotokea chooni sitayaandika kwenye barua rasmi. Itoshe kusema kwamba nilikwenda na kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga kwenye boriti, na kwamba Mama Farida aliiona kamba, akaiona boriti, akawaza mabaya, akapiga kelele za kuita majirani. Walikuja. Wamenisamehe, lakini sasa kila nikienda chooni mtu anakohoa nje na kuuliza, "Jonas, upo salama?"

Jumatatu nilimfuata Kocha Bupe kumpa lawama zangu. Alinitazama ninavyotembea, akashika kiuno, akacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. "Hiyo kawaida, kaka. Siku inayofuata ndiyo inakolea." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Hukuniambia una safari ya ukweni." Nikamuuliza sasa dawa ni nini. "Dawa ya miguu ni miguu. Njoo tena." Huo ndio utaalamu uliotuletea: anayekuvunja ndiye anayekushauri urudi kuvunjwa.

5. Ukweni. Naomba hapa wajumbe wote wanyamaze.

Kwetu, na hili ninyi watu wa pwani huenda hamlijui, mwanaume akienda ukweni hasalimii kama anayemsalimia konda. Akifika mlangoni anachuchumaa, anatazama chini, anapiga makofi polepole viganja vimekunjwa kama anakinga maji, na anabaki huko chini mpaka mzee amjibu. Hakuna hotuba. Hayo magoti ndiyo hotuba. Mtoto wa kwetu anaweza kusahau sala aliyofundishwa kanisani, lakini hilo halisahau, na mimi nimelijua tangu utoto bila kocha wala filimbi.

Nilikwenda na mshenga wangu Erasmus, tunabeba zege pamoja na ni mtu wa kwetu, amevaa koti la kuazima lenye mikono mifupi. Mzee Sichalwe alikuwa ameketi barazani kwa Benson, kofia ameiweka gotini. Nyuma yake walikuwepo shangazi za Loveness na majirani. Kigelegele cha kwanza kilitoka vizuri. Erasmus akashuka. Alishuka kama shuka inayoteleza kutoka kwenye kamba, akaanza makofi yake. Mimi nikabaki juu.

"Shuka," Erasmus akaninong'oneza kutoka huko chini.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Magoti hayataki."

"Jonas, usinifanyie hivyo mbele za watu. Shuka bwana!"

Kigelegele cha pili kikakatika katikati kama redio iliyokatikiwa umeme. Benson akataka kunisaidia, akasema, "Shemeji, karibu, karibu." Alipoona sikaribii popote akaongeza, "Sasa mbona umesimama kama nguzo ya umeme?"

Nikajaribu, Mungu ni shahidi. Mwili ulikuwa bado unakumbuka mafundisho ya jana yake: nikanyoosha mikono mbele, nikasukuma makalio nyuma, nikateremka mpaka nusu. Hapo nusu nikakwama. Sikuwa nimechuchumaa wala sikuwa nimesimama. Nilikuwa kama golikipa anayesubiri penalti, na mpigaji ni baba mkwe. Mimi ninayetakiwa kutazama chini nikawa namtazama machoni, maana kwenye mkao ule shingo haina pengine pa kwenda. Mapaja yakaanza kutikisika. Nikaona nikizidi dakika nitamwangukia mzee mapajani, nikaamua kupanda. Na nilipopanda, Ndugu Mwenyekiti, nikatoa hewa. Niliitoa kama nilivyofundishwa, kwa nguvu, na sauti ikatoka. "Hhhaaaa!" Usoni kwa baba mkwe. Shangazi mmoja akajishika mdomo. Erasmus akaacha kupiga makofi, akafumba macho kama anayesubiri ukuta uanguke.

Mzee hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kuanzia. Alichukua kofia yake gotini, akaivaa, akaniuliza kwa Kiswahili, siyo kwa lugha yetu, "Una haraka?" Nikasema hapana baba, shikamoo. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na mawazo yake mwenyewe, akainuka, akaingia ndani. Shikamoo yangu tukabaki nayo barazani.

Loveness alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Baba hajasema hapana. Baba amenyamaza. Angesema hapana, tungembembeleza. Akinyamaza mpaka akapanda basi, hilo limekwisha, na mimi siwezi kuolewa juu ya kimya cha baba." Nikamweleza habari za Kocha Bupe, za kiti kisichokuwepo na makopo ya zege. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jonas, nilikuwa nakutania. Ile miguu ya korongo ndiyo niliyoipenda." Sasa nimeumizwa miguu na nimeumizwa moyo, na vyote viwili ni kwa ajili ya kutafuta kitu ambacho hakikuhitajika.

6. Hili la mwisho si la kwangu peke yangu. Ni la nchi. Nimelifikiria sana kwa kuwa nikisimama sina kazi nyingine. Nchi hii, Ndugu Mwenyekiti, imejengwa kwa kuchuchumaa. Anayepalilia anachuchumaa. Anayepepeta mchele, anayefua, anayechochea jiko la mkaa, fundi wa pikipiki, fundi wa marumaru, muuza dagaa wa Kunduchi anayepanga mafungu yake mchangani, wote wamechuchumaa. Hata mtu akija kuomba kura huwa anachuchumaa, ingawa baada ya kuipata anapona. Sasa ukileta kocha anayemaliza kuchuchumaa kote kwa watu ndani ya asubuhi moja, kesho yake nani atapalilia? Nani atasalimia wazee? Tutakuwa taifa la watu waliosimama wima wanaotazamana machoni na kupumuliana. Huo ndio mwanzo wa fujo. Kipaza sauti chako kilisema nguvu ya taifa inaanzia miguuni, sikatai. Nasema imeishia hapo hapo.

Tena wanaofaa kwa mazoezi yale ni watu wanaoshinda wamekaa. Wewe mwenyewe siku ya uzinduzi ulichuchumaa mara moja, kwa ajili ya picha, na wajumbe wako wakakushika huku na huku wakakuinua. Picha imebandikwa ofisini. Ukiitazama vizuri, mkono wa mjumbe unaonekana kwapani kwako. Sikulaumu kwa hilo. Nasema tu kwamba mimi sikupata mjumbe wa kunishika kwapa.

Kwa hiyo naiomba Serikali ya Mtaa itende haya, na itende kabla ya Jumamosi.

Kwanza, uniandikie barua yenye mhuri kwenda kwa Mzee Sichalwe, ikithibitisha kwamba kilichokataa kuchuchumaa ni mapaja, siyo moyo. Mhuri uwe mkubwa. Mzee wa kwetu anaweza kubishana na mtu, habishani na mhuri.

Pili, Kocha Bupe aamriwe kwenda kwa Benson kuchuchumaa mbele ya mzee kwa niaba yangu. Magoti yangu aliyachukua yeye, basi adhabu yangu ailipe yeye, tena yeye anaweza, amejisifu mwenyewe kwamba ameanza kabla ya meno. Nilimweleza Erasmus wazo hili, akapinga. Akasema mzee akiona mwanamke mwenye raba nyekundu amekuja kuchuchumaa kwa niaba yangu, ataniuliza ni mke wangu wa ngapi. Ndiyo maana naomba wewe Mwenyekiti uende naye, na ikibidi uchuchumae pembeni yake ili mzee aone ni shughuli ya kiserikali. Wajumbe waje kukuinua.

Tatu, itungwe sheria ndogo ya mtaa kwamba mwanaume yeyote anayetaka mafunzo ya miguu ahojiwe kwanza kama ana ukwe unaokuja, kama ana kipaimara, kama anatarajiwa msibani ambako watu wanakaa kwenye mkeka, na kama choo chake ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Mwenye choo cha kuchuchumaa asiguswe chini ya kiuno.

Nne, Faraji arudishwe.

Tano, na hili nimelifikiria kwa utulivu: kama mzee ataondoka kimya, basi Serikali ya Mtaa inioze. Imeniharibia ndoa kwa mkono wa kocha wake, inipe nyingine kwa mkono wake yenyewe. Sichagui. Ila awe Loveness.

Nakomea hapa, siyo kwamba nimemaliza, ni kwamba mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Nisalimie Mama wa nyumbani kwako, uwasalimie wajumbe wote wa mtaa, hasa wale wenye mikono ya kuinua watu, umsalimie karani wa ofisi na yule mlinzi mwenye kikohozi. Yule kijana mnene wa kwenye tairi mpe pole kama bado yu hai. Kocha Bupe msalimie ukiwa mbali, asije akakuambia ukae.

Ni mimi mkazi wako mtiifu, niliyesimama bila kupenda,
Jonas Sikazwe,
Saidia fundi.

NYONGEZA

Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Nimeitoa kuongeza haya, na nakuomba ukiisoma uanzie hapa, halafu huko juu usisome.

Jana jioni Loveness alikuja mbio, viatu kaviacha njiani. Mzee amezungumza. Aliwakusanya wote wakati wa chakula akasema kwamba tangu Jumapili alikuwa anamtafakari huyu kijana. Amepokea posa za mabinti wengi wa ukoo, anasema, na wote waliokuja walichuchumaa, na mtu anayechuchumaa upesi ni mtu ambaye hana kitu. Huyu alisimama. Akanitazama machoni. Alianza kushuka kwa heshima, akakumbuka yeye ni nani, akasimama tena. Halafu akahema kama mtu mwenye shughuli nyingi aliyepotezewa muda. "Nilimuuliza kama ana haraka, akakana, kwa upole. Huyo ni bosi, na ni bosi mwenye adabu, anajificha tu." Kisha akamuuliza Loveness nafanya kazi gani. Loveness, ambaye mimi nilidhani ni mtu mkweli, akajibu, "Yupo kwenye ujenzi, baba. Ghorofa." Mzee akapiga meza akasema, "Nilijua!"

Benson akamuuliza, je, kama yule kijana angechuchumaa? Mzee akasema angemwambia arudi mwakani, maana wanaochuchumaa ni wengi na mwaka ni mrefu.

Nilitaka kwenda usiku ule ule kumweleza ukweli kwamba mimi ni wa kupandisha ndoo. Loveness akanizuia mlangoni, akasema ukweli nitamweleza baba tukishampa mjukuu, akiwa amembeba na hawezi kuinuka upesi.

Mzee ameahirisha safari. Jumapili nimeitwa tena, mbele ya ukoo mzima, mzee anione vizuri na kutaja siku ya harusi. Na hapa ndipo ninapokuomba, Ndugu Mwenyekiti, uchane malalamiko yangu yote. Leo asubuhi nimeamka nikakuta miguu imepona. Nimeshuka kitandani bila kujiviringisha. Nimechuchumaa chooni bila kamba, nikalia kwa hofu. Maana mimi najijua. Nimefunzwa tangu utoto, na nikimwona mzee yule barazani, magoti haya yatashuka yenyewe kabla sijayauliza, na ubosi wangu utaishia mlangoni kwa Benson.

Tangu nifike mji huu nimewainamia watu wote, mafundi, wenye nyumba, walinzi wa mageti, na wewe, na sijaambulia hata kuulizwa jina. Siku moja nimeshindwa kuinama, nimepewa mke. Tafadhali mwambie Kocha Bupe nakuja kesho Jumamosi alfajiri, aandae makopo yote mawili, na safari hii asinihurumie.